Filimbi ya Rabat na filimbi za kwetu: juu ya nini hatuamini tena mwamuzi?

Siku ya Yenga tarehe 18 Januari 2026, katika uwanja wa Prince Moulay Abdellah mjini Rabat, Mkongomani mmoja alikuwa katikati ya fainali ya kombe la Afrika. Hakuwa mchezaji. Leopards walikuwa wamekwisha kutolewa tangu tarehe 6 Januari, wakati Algeria walitupiga 1-0 kwenye dakika ya 119, goli ya Adil Boulbina, na wengi wetu tuliacha kufuata mashindano pale pale. Ule Mkongomani mwenye alibaki ni Jean-Jacques Ndala, mwamuzi. Alipewa kuchezesha Senegal na Morocco. Usiku ulipoisha, bara zima lilikuwa linataja jina lake, na haikuwa kwa sifa.

Tukumbushe kwanza vile mambo yalipita, juu watu wengi hapa Kisangani waliona vipande tu kwenye telefone. Dakika 90 zimeisha, ni 0-0. Senegal wanapata kona. Abdoulaye Seck anaruka karibu na Achraf Hakimi, anapiga kichwa, mpira unagonga mlingoti, Ismaïla Sarr anausukuma ndani. Lakini filimbi ya Ndala ilikuwa imekwisha kulia: aliona kama Seck alimsukuma Hakimi. Hakuna goli. Dakika chache kisha, kona upande ule mwingine. El Hadji Malick Diouf anamvuta Brahim Díaz, Brahim anaanguka. Ndala kwanza haoni kitu. VAR inamwita, anaenda kutazama kioo, anarudi na penalti ya Morocco.

Hapo njo moto uliwaka. Kocha Pape Thiaw aliita wachezaji wake watoke kiwanjani, na wengi wakatoka. Ni Sadio Mané njo alienda kuwaita warudi. Mchezo ulisimama zaidi ya dakika kumi. Waliporudi, Brahim alipiga penalti ya kuchezea, polepole, katikati, na kipa Édouard Mendy akaidaka kama mtu mwenye kupokea embe. Kwenye muda wa nyongeza, dakika ya 94, Pape Gueye akafunga na Senegal wakamaliza 1-0.

Kesho yake asubui, kila pahali watu wanakaa mjini, tangu Makiso mpaka Mangobo, kulikuwa kambi mbili. Kambi ya kwanza ilisema: ni mtoto wetu, muache, alifuata sheria. Kambi ya pili ilisema: aibu, amekula feza ya Wamoroko. Kitu chenye kilinishangaza ni kwamba watu wa kambi ya kwanza, wenye walikuwa wanamtetea Ndala kwa hoja nzuri kabisa, ni wale wale wenye kila mwisho wa juma kwenye stade Lumumba wanapigia mwamuzi makelele "moyibi! mwizi!" mbele hata mpira haujatembea dakika kumi. Nataka tukae kidogo juu ya hii jambo. Kwa nini tunaamini mwamuzi akiwa wetu, na hatumwamini hata moja akiwa wa wengine?

Tuanze na kosa lenyewe. Watu wengi waliuliza: kama VAR iko, juu ya nini haikuangalia goli ya Sarr sawa vile iliangalia penalti? Jibu liko katika sheria, na hakuna mtu alilieleza kwa watu usiku ule. VAR inaweza kurudi nyuma kuangalia goli kama goli imeingia na kisha mwamuzi anaikataa ao anaikubali. Lakini mwamuzi akipiga filimbi mbele mpira haujaingia, mchezo umekufa. Hakuna goli ya kuangalia, hata kama kwa macho ya watu wote mpira uko ndani ya wavu. Ndala alipiga filimbi mapema. Kwa hiyo ile VAR yenye ingeweza kumsaidia, yeye mwenyewe aliifunga mlango. Kwa kazi yao, waamuzi wanafundishwa siku hizi kungojea kidogo pale goli iko karibu: acha mpira umalize safari yake, kisha piga.

Kwa maoni yangu, penalti ya Brahim ilikuwepo. Ni ndogo, lakini mkono ulimvuta, na VAR ikikuonyesha mkono wenye kuvuta, ni vigumu kusema hapana. Kusukuma kwa Seck pia kulikuwa kudogo. Shida si kwamba moja ilihukumiwa na ingine haikuhukumiwa, juu zote mbili zilihukumiwa. Shida ni kwamba zote mbili zilienda upande moja, upande wa mwenye nyumba, na moja tu njo ilipata nafasi ya kuangaliwa mara ya pili. Mtu wa Dakar akikaa mbele ya televizyo yake, anaona nini? Anaona mlango unafunguliwa kwa jirani na unafungwa kwake. Umueleze sheria mpaka asubui, hatasikia.

Na hatasikia kwa sababu hukumu yake ilikuwa imekwisha kutoka mbele ya filimbi. Hii njo sehemu yenye ninaona watu wengi wanasahau. Mbele ya fainali, shirikisho la Senegal lilitoa tangazo kulalamika juu ya usalama wa wachezaji walipofika kwenye gare ya Rabat, juu ya hoteli, juu ya kiwanja cha mazoezi, juu ya tiketi za mashabiki wao. Kwenye robo fainali, tarehe 9 Januari, Kameruni walipigwa 2-0 na Morocco na wakatoka wanasema waliminywa penalti. Kesho yake Algeria walitolewa na Nigeria na wao pia walilia juu ya mwamuzi, mpaka shirikisho lao likapeleka malalamiko. Kwa wiki mbili, kwenye mitandao, kulikuwa wimbo moja tu: kombe hii ina mwenyewe. Ndala alipoingia kiwanjani ile jioni, alikuwa sawa mwamuzi wa kesi ya shamba mwenye anafika kijijini na watu wamekwisha kusikia kwamba amelala kwa upande wa pili. Hata akikata haki, haki yake ina harufu.

Je, alikula feza? Nimetafuta, nimesoma, na hakuna ushahidi hata moja wenye umetolewa. Kusema mtu amekula bila kitu mkononi ni mchezo mubaya, na tunaucheza kila siku. Tena ukifikiria kidogo: mwamuzi mwenye amenunuliwa hangoji VAR imwite kutoa penalti ya dakika za mwisho. Aliiacha ipite. Ni wale wa kwenye kioo walimrudisha.

Lakini sisemi kama ile harufu inatoka hewani tu. Waamuzi wenye walinunuliwa wako, na majina yao yanajulikana. Mwaka 2018, mwandishi wa Ghana Anas Aremeyaw Anas alionyesha filamu yenye alipiga kwa kujificha, ndani yake waamuzi wa inchi mbalimbali za Afrika wanapokea bahasha. Moja wao alikuwa Aden Marwa wa Kenya, mwamuzi wa pembeni mwenye alikuwa tayari amechaguliwa kwenda kombe la dunia Urusi. Alionekana anapokea dola 600. Hakuenda Urusi, na CAF ikamfungia maisha. Dola 600! Kwa mtu mwenye alikuwa mlangoni mwa kombe la dunia. Ninaandika ile nambari mara mbili kichwani na bado sielewi, isipokuwa nikifikiria vile waamuzi wetu wanaishi. Nitarudi hapo.

Kuna pia Joseph Lamptey, wa Ghana. Novemba 2016, Afrika Kusini na Senegal, mchezo wa kutafuta kombe la dunia. Mpira unagonga goti la Kalidou Koulibaly, Lamptey anatoa penalti ya mkono. Afrika Kusini wanashinda 2-1. FIFA ilichunguza, ikasema matokeo yalipangwa, ikamfungia Lamptey maisha mwaka 2017, na mchezo ukarudiwa. Senegal wakashinda 2-0 na wakaenda Urusi. Kwa hiyo Wasenegal wakisema "tunaibiwa", hawatoi kichwani tu. Iliwapata kweli, na mahakama ya michezo ilikubali.

Sasa mufuate hii, ni tamu kidogo. Yule yule Lamptey, Oktoba 2010, alichezesha nusu fainali ya ligi ya mabingwa, Espérance ya Tunis na Al Ahly ya Misri. Michael Eneramo wa Espérance alitia goli na mkono, mbele ya macho ya watu wote, na Lamptey akaikubali. Espérance wakaenda fainali na ile mkono. Fainali walikutana na nani? Na TP Mazembe yetu. Tarehe 31 Oktoba 2010, Lubumbashi, Mazembe 5, Espérance 0. Watunisia walibaki watu 10 na wakarudi kwao wanalia kwamba mwamuzi wa Togo aliwaua. Wale wale wenye waliingia na mkono wiki mbili mbele! Na sisi? Sisi tulicheza muziki mpaka asubui. Sikumbuki hata moja kati yetu mwenye alisema ile siku, tungoje kwanza, tuangalie kama ile kadi nyekundu ilikuwa ya haki.

Njo vile tuko. Filimbi ikitupendelea, ni haki. Ikitupita, ni wizi. Na si Kongo tu, ni dunia yote. Lakini sisi tuna sababu yetu ya pekee ya kuwa na kidonda juu ya waamuzi, na wazee wetu wanaikumbuka.

Tarehe 18 Juni 1974, Gelsenkirchen, Ujerumani. Zaïre na Yugoslavia, kombe la dunia, mchezo wenye tulipigwa 9-0. Katikati ya ile fujo mchezaji wetu moja alimpiga mwamuzi teke matakoni. Mwenye kupiga alikuwa Mwepu Ilunga. Mwamuzi Omar Delgado wa Kolombia akageuka na akatoa kadi nyekundu kwa Mulamba Ndaye. Mulamba, mwenye miezi tatu mbele alitia magoli 9 kwenye kombe la Afrika kule Misri, rekodi yenye hakuna mtu amevunja mpaka leo katika kombe moja. Alifukuzwa kwa teke yenye hakupiga. Alieleza, wenzake walieleza, hakuna alisikia. Hakukuwa kioo cha kutazama, na kwa macho ya ule mwamuzi, mchezaji moja wa Zaïre ao mwingine ilikuwa sawa tu. Mulamba alikufa mwaka 2019, Afrika Kusini, mbali na kwao. Ile kadi bado iko jina lake kwenye vitabu vya FIFA.

Ninataja hii kwa sababu watu fulani wanasema kulalamika juu ya mwamuzi ni ujinga wa watu wasiojua kupoteza. Hapana. Kuna wakati mtu anahukumiwa kweli kwa kosa la mwenzake, na hakuna pahali pa kupeleka neno lake.

Na neno likikosa pahali pa kwenda, linaenda wapi? Tarehe 11 Mei 2014, stade Tata Raphaël, Kinshasa, V.Club na Mazembe. V.Club walikuwa nyuma 0-1, mchezo unaelekea mwisho. Mashabiki wakaanza kurusha mawe. Polisi wakajibu na gesi ya kutoa machozi. Watu wakakimbilia milango, wakakanyagana, ukuta ukaanguka. Watu 15 walikufa. Hatusemi ni mwamuzi njo aliua. Gesi katika uwanja wenye kujaa, milango midogo, ile ni kesi ya wenye kuongoza usalama. Lakini ilianza na watu wenye hawakukubali kwamba ile 0-1 ni matokeo ya mpira tu. Na hawakukubali kwa sababu katika inchi yetu V.Club na Mazembe si mpira tu.

Hapo tunafika kwenye mambo ya nani mwenye ekipe. Rais wa V.Club ile wakati alikuwa jenerali Gabriel Amisi. Rais wa Mazembe, Moïse Katumbi, alikuwa gavana wa Katanga. Jenerali upande moja, gavana upande mwingine, na katikati kijana na filimbi mwenye kurudi nyumbani na moto. Kisha Lubumbashi iliona Katumbi akiwa mpinzani wa serkali na Lupopo ikiongozwa na Jacques Kyabula, mwenye alikuwa gavana wa Haut-Katanga. Derby ya Mazembe na Lupopo ikawa sawa kampeni. Unaweza kuweka mwamuzi malaika pale. Akitoa penalti, nusu ya mji itasema ni agizo la serkali. Asipotoa, nusu ingine itasema amenunuliwa na feza ya tajiri. Na shirikisho lenyewe, FECOFA, lenye lingepaswa kuwa juu ya hawa wote, lilifika pahali pa FIFA kuliwekea kamati ya muda mwaka 2023 ili kulinyoosha.

Msifikiri hii ni ugonjwa wa maskini. Marekani wana mashindano ya magari yenye kuitwa NASCAR, magari yanazunguka kwenye barabara ya duara kwa mwendo wa kutisha, watu elfu na elfu wanaangalia. NASCAR ni mali ya jamaa moja, jamaa ya France, tangu 1948. Wao njo wanapanga mashindano, wao njo wanaandika sheria, wao njo wanatoa malipizi, wao njo wanaamua ekipe gani ina nafasi ya hakika ya kukimbia. Mashabiki kule wanalalamika kila juma sawa sisi: bendera ya manjano ilitoka ili kumsaidia fulani, fulani alifanya kosa na hakulipa. Novemba 2024, kule Martinsville, ilionekana wazi: magari mawili yalikaa sambamba kuzuia wengine wasimpite William Byron mwenye gari la kampuni moja na wao, na gari lingine lilipunguza mwendo ili Christopher Bell, wa kampuni yao, apate pointi. Wakubwa walitoa malipizi ya jumla ya dola 600,000 kwa ekipe tatu na madereva wao. Bell akatolewa.

Lakini nani anaamini malipizi kama mwenye kuyatoa pia ana feza ndani ya mchezo? Michael Jordan, yule wa basketi, ana ekipe kule, 23XI. Oktoba 2024, pamoja na ekipe ingine, walipeleka NASCAR mahakamani. Kesi ilisikilizwa Charlotte Desemba 2025, mazungumzo ya ndani ya wakubwa yakasomwa mbele ya watu wote, na tarehe 11 Desemba NASCAR ikakubali mapatano na ikawapa ekipe nafasi za kudumu zenye walikuwa wanaomba. Mwamuzi wa barabarani hakubadilika. Kilichobadilika ni kwamba wenye ekipe walipata pahali pa kuuliza, na yule mwenye mchezo alilazimishwa kujibu.

Hata magari ya Formula 1 yalipita hapo. Desemba 2021, Abu Dhabi, Lewis Hamilton alikuwa mbele, na mkuu wa mashindano Michael Masi alipanga mambo ya mzunguko wa mwisho kwa namna yenye ilimpa Max Verstappen ushindi na taji. Matokeo hayakubadilishwa. Lakini mbele ya msimu kuanza tena Masi aliondolewa kwenye kazi ile, na Machi 2022 FIA ikaandika wazi katika ripoti: lilikuwa kosa la mtu. Hamilton hakurudishiwa taji, na hasira ya watu wake haikuisha. Lakini angalau kuna karatasi yenye kusema ilikuwa nini.

Turudi kwetu, mguu kwa udongo. Mwamuzi wa Kongo, hata yule wa kimataifa, kwa kawaida ana kazi ingine ya kumlisha. Kuna walimu, kuna wafanyakazi wa serkali, kuna wale wa biashara ndogo. Kuchezesha mpira kunampa feza kidogo, na malalamiko ya waamuzi wenye hawajalipwa tumeyasikia zaidi ya mara moja, kwenye ligi ya taifa na chini. Ekipe kama TS Malekesa ao AS Nika ikienda kucheza Kinshasa ao Lubumbashi, inaenda na ndege ao haiendi. Mashabiki hawaifuati. Kwa hiyo katika kiwanja kile sauti ni moja tu, ya mwenye nyumba, na mwamuzi ni mtu, ana masikio. Hakuna haja ya bahasha. Watu elfu wakipiga kelele kila mara mchezaji wa kwao anaanguka, mkono wa filimbi unapanda wenyewe. Na ekipe ya Kinshasa ikija hapa, sauti ni yetu, na mkono unapanda kwa upande wetu. Ile hatuitaji wizi.

Kwenye mashindano ya mitaa ni mbaya zaidi. Munajua "kombe ya mheshimiwa". Mheshimiwa anatoa kombe, anatoa maillot, anatoa mipira, anatoa transporti ya waamuzi, anatoa kinywaji kisha ya mchezo. Na ekipe ya kwao iko ndani ya mashindano. Fainali mheshimiwa amekaa kwenye kiti cha mbele. Ule kijana mwenye filimbi, mwenye anajua kwamba transporti yake ya kurudi iko mfukoni mwa yule mtu, mnataka afanye nini? Hakuna mtu alimwambia kitu. Hakuna mtu alipaswa kumwambia. Jamaa ya France ya Amerika wangeelewa haraka sana.

Unaweza kuniambia: ndugu, inchi iko na vita, Goma na Bukavu ziko vile tunajua, wewe unatuletea mambo ya filimbi. Sawa. Lakini angalieni Tshopo yetu. Tangu Februari 2023, Wambole na Walengola, watu wenye walioana na kuuziana samaki miaka na miaka, waliuana juu ya udongo, kule Lubunga na barabara ya Ubundu. Watu wengi walikufa, maelfu walivuka mto kuja kulala kwenye masomo na makanisa ya mji. Kila upande ulisema kitu kimoja: wenye kukata kesi wamekwisha kula upande wa pili. Ilikuwa kweli ao haikuwa kweli, watu waliamini vile, na mtu mwenye kuamini vile hapeleki tena kesi. Anapeleka panga.

Sasa mashirika na kanisa wanapanga michezo ya vijana ili watoto wa pande mbili wacheze pamoja. Ni wazo nzuri, mimi naliunga mkono. Lakini fikiria fainali ya namna ile, dakika ya mwisho, goli inakataliwa, na mwamuzi ni wa kabila la wale wenye kushinda. Ama hata hana kabila kati ya yote mawili, lakini alikuja na moto ya jamaa ya mchezaji moja. Watu wenye kupanga wanatafuta maillot, wanatafuta mwanamuziki, wanaita wakubwa wa kukata ribani. Kutafuta mwamuzi inabaki kazi ya asubui ya mchezo, "tutapata tu mtu".

Hakuna kitu cha ajabu chenye kinaombwa. VAR haitakuja Lubunga, na Rabat imetuonyesha kwamba VAR yenyewe haitoshi kama hakuna mtu anaeleza. Kitu kinawezekana hata na feza kidogo: waamuzi walipwe na entente mbele mchezo haujaanza, na isiwe na ekipe ao mwenye kombe. Majina yao yajulikane siku mbili mbele, ili mwenye neno alitoe mapema, mchana, kwa mdomo. Mwamuzi asitoke upande wowote wa wenye kucheza, na asirudi na moto ya mmoja wao. Kisha ya mchezo, kama kuna jambo kubwa, mtu wa kamati ya waamuzi asimame aseme: tuliona hivi, sheria ni hivi, ao, tulikosa. Waamuzi wa siku za mbele walikuwa wanakatazwa kusema, kana kwamba kunyamaza kunaleta heshima. Kunyamaza kunaleta uvumi. Ndala angeweza kusimama mbele ya mikro usiku ule, dakika tatu tu, akaeleza juu ya nini filimbi yake ilitangulia mpira, na juu ya nini VAR haikuweza kurudi nyuma. Wasenegal hawangefurahi. Lakini wangekuwa na kitu cha kubishana nacho chenye si bahasha.

Kwa waamuzi wa Kisangani wenye kusoma hapa, wale wa entente na wale wa mitaa: kipindi chetu cha michezo kiko wazi kwenu. Chagueni mchezo moja wenye watu walipiga kelele, mulete sheria, mutueleze filimbi yenu hewani, na wasikilizaji watauliza maswali. Hatutauliza munakaa kwa nani. Tutauliza tu muliona nini.